Fundi wa Reli Ndogo Anajibu: Jenga Mdomo wa Stesheni, Hoteli Iache

Shikamoo Fundi. Nataka kujenga stesheni ya St Pancras ya London kama ilivyokuwa enzi za mvuke. Nina rafu ukutani yenye urefu wa mita 3.6 na upana wa sentimita 60, injini ndogo nyeusi ya tanki yenye herufi LMS (kampuni ya reli ya London, Midland and Scottish), na mabehewa matatu, vyote vya kipimo cha OO. Nimeanza kukata kadibodi ya ile hoteli ya mbele yenye minara, lakini nikipima naona haitaenea. Je, nikipunguza kila kitu kidogo ili vyote viingie, itaharibika?

Marahaba. Itaharibika, na nitakueleza kwa nini. Weka mkasi chini kwanza, tupige hesabu.

Kipimo cha OO ni milimita 4 kwa kila futi moja ya kitu halisi, yaani 1:76.2. Paa la treni la St Pancras, alilolibuni mhandisi William Henry Barlow na kufunguliwa mwaka 1868, lina upana wa futi 240 bila nguzo hata moja katikati, urefu wa futi 689 na kimo cha futi 100 hivi. Zidisha kwa nne: upana sentimita 96, urefu mita 2.76, kimo sentimita 40. Kwa urefu paa linaingia kwenye rafu yako, kwa upana haliingii. Hata lingeingia, ungebaki na sentimita 84 tu za reli nje ya paa, na pointi moja ndefu ya kubadilishia njia peke yake inakula sentimita 26.

Sasa, ukilibana paa kutoka sentimita 96 mpaka 55, behewa halibaniki. Lina sentimita 23 zake na litabaki nazo. Mlango wa abiria, mpagazi na toroli lake, navyo vitabaki na vipimo vyake. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini ataona treni imekuwa jitu na stesheni imekuwa kibanda. Fahari ya St Pancras ni ule ukubwa wa paa juu ya treni. Ukiupunguza huo, hakuna kilichobaki cha kuonyesha.

Kuhusu hoteli, najua inavutia. George Gilbert Scott aliichora kwa mtindo wa Gothiki, ikafunguliwa mwaka 1873, na matofali yake mekundu ya Nottingham yanapendeza mpaka leo. Lakini simama barabarani mbele yake kwa mawazo yako na utafute treni. Huioni. Hoteli imeziba kila kitu. Utatumia miezi mingi kuchonga madirisha ya ncha na mabomba ya moshi, kisha injini yako itakuwa inapita nyuma ya ukuta. Mimi napenda majengo, ila modeli ya reli inaishi pale treni inapopita.

Kwa hiyo geuka, nenda upande wa pili, pale paa linapoishia na reli zinatoka kwenda kaskazini. Huo ndio mdomo wa stesheni, na huko ndiko kwenye utajiri. Nje tu ya paa palikuwa na pointi zinazosukana, mikono ya ishara, mnara wa maji wa mwaka 1872 uliojengwa kwa matofali kwa mapambo yaleyale ya Gothiki, na matangi ya gesi yenye fremu za nguzo za chuma. Mbele kidogo reli zinapita juu ya mfereji wa Regent's Canal. Mfereji huo ndio uliolazimisha stesheni nzima iinuliwe: njia ilibidi ipite juu ya maji, ikabaki juu hadi kwenye majukwaa. Chini ya majukwaa wakapata ghala, na nguzo zake zikapangwa kwa kufuata vipimo vya mapipa ya bia yaliyokuwa yakiletwa kutoka mji wa Burton.

Rafu yako igawe hivi. Sentimita 95 za kushoto ni ndani ya paa. Sentimita 170 za kati ni mandhari yenyewe: pointi, ishara, mnara, majivu. Sentimita 95 za mwisho ni njia za kuhifadhia treni, nyuma ya ubao. Injini yako na mabehewa matatu vina urefu wa karibu sentimita 90, kwa hiyo treni nzima inatoweka kila upande. Hiyo ni treni ya kweli: treni za karibu, za watu wa St Albans na vitongoji vya njiani, ziliingia St Pancras kila siku sambamba na zile za mbali.

Paa ujenge mbavu za mwanzo tu. Mbavu za Barlow zimeachana kwa futi 29 na inchi 4, ambazo kwako ni milimita 117. Mbavu tatu zitakupa sentimita 23 za paa la kuonekana. Nyuma yake weka karatasi nyeusi na uache reli ziendelee gizani. Kwa upana, usilibane. Anzisha tao kwenye ukingo wa mbele wa rafu, lipande kwa umbo lake halisi hadi kileleni, sentimita 48 kutoka ukingoni, lianze kushuka, kisha ukuta wa chumba ulikate. Jicho litaimalizia sehemu iliyobaki lenyewe. Pale kileleni angalia vizuri picha: tao si nusu duara, lina ncha kidogo. Ukilichora kwa bikari pekee, anayeijua St Pancras atashtuka.

Upande wa kulia, pale treni zinapotoka kwenye mandhari, usibuni daraja ambalo halikuwepo wala kuotesha msitu. Weka ubao mweusi wima, kama pazia la pembeni la jukwaa la maigizo. Watu wanauzoea mara moja na hawauoni tena.

Na mwaka? Injini yako imekwisha kukuchagulia. Kampuni ya Midland iliyojenga stesheni iliingia ndani ya LMS tarehe 1 Januari 1923, na LMS ikataifishwa tarehe 1 Januari 1948. Mimi ningesimama mwaka 1935. Hoteli ilifungwa mwaka huo, injini za aina ya Jubilee zilizoanza kutengenezwa mwaka 1934 bado zilikuwa mpya, na mabehewa ya LMS ni mekundu ya damu ya mzee. Ukishaamua, kaa hapo. Behewa la rangi mbili, nyekundu na maziwa, hata ukipewa bure, ni la baada ya kutaifishwa, liweke kabatini.

Ramani usikisie. Idara ya ramani ya Uingereza, Ordnance Survey, ilichora London katika miaka ya 1890 kwa kipimo cha 1:1056, na Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni. Kila reli inaonekana. Ikuze mara 13.9 na unapata kipimo chako cha OO. Chapisha, unganisha karatasi, zitandaze juu ya rafu, panga pointi juu yake kabla hujapiga msumari. Kisha linganisha na picha za miaka ya thelathini, maana njia zilibadilishwa hapa na pale.

Ukiona huwezi kabisa kuliachia paa zima, kuna njia moja ya haki: uza ulivyo navyo uhamie kipimo cha N cha Uingereza, 1:148. Humo paa lote ni sentimita 49 kwa mita 1.42, na linakaa vizuri kwenye rafu yako. Ila hapo unachagua jengo badala ya injini, na mimi nimekuona katika barua yako unaipenda injini.

Habari za kazi, Fundi. Stesheni yangu nimeijenga kwa vipimo sahihi kabisa, lakini kila anayeiona anasema ni kitu cha kuchezea. Ni nini?

Dada, nimeziangalia picha ulizotuma. Vipimo havina ubaya. Inang'aa, na ni safi mno.

Stesheni ya mvuke ilikuwa mahali pa masizi. Moshi ulipaa, ukagonga paa, ukashuka kuwa ukungu mweusi juu ya kila kitu. Anza na reli, maana ndizo nyingi. Reli iliyotoka dukani inametameta pande zote, wakati reli ya kweli inametameta juu tu, pale gurudumu linapopita; ubavu wake ni kutu. Chukua brashi nyembamba na rangi isiyong'aa ya kahawia yenye kijivu kidogo, upake ubavu wa reli na vishikizo vyake, kisha ufute juu kwa kitambaa kabla haijakauka. Fanya kipande kifupi, kaa mbali, utazame. Utaona reli imepungua unene, na hujakata chochote.

Kokoto zako ni kubwa. Jiwe la sentimita 5 likipunguzwa mara 76 halifiki hata milimita moja. Za kwako, nikipima kwa picha, ni mawe ya kumvunja mtu mguu. Tena mdomoni mwa stesheni kokoto hazikuonekana safi hivyo: majivu ya injini, mafuta na vumbi la makaa vilijaza hadi usawa wa mataruma. Tumia unga laini wa kijivu cheusi, utandaze kwa brashi kavu, unyunyizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Sabuni ndiyo inayofanya gundi ipenye badala ya kukaa juu kama shanga. Pointi uzikinge, gundi ikiingia kwenye ulimi wa pointi, haitasogea tena.

Jambo moja wengi hawalioni: nafasi ya mataruma. Reli nyingi zinazouzwa kwa ajili ya OO zina mataruma ya HO, yaani 1:87, kwa hiyo ni mafupi na yamebanana. Siku hizi zipo reli zenye mataruma yaliyopangwa kwa mtindo wa Uingereza, kampuni ya Peco wanazo. Kama za kwako umeshazipigilia, usizing'oe. Majivu yatasaidia.

Masizi ya ukutani yapake kwa chaki nyeusi na ya kahawia iliyosagwa. Mahali pa kuweka giza zaidi ni juu ya pale injini zinaposimama. Usisambaze sawasawa kila mahali. Moshi una mahali pake.

Nitumie umeme wa kawaida wa volti 12 au mfumo wa kidijitali?

Kwa stesheni ya mwisho wa njia, kidijitali, maana humo kila injini hupokea amri yake peke yake. Treni ikiingia, injini yake inabaki imefungiwa kwenye vizuizi vya mwisho mpaka injini nyingine ije ivute mabehewa kutoka upande wa pili. Hizo ni injini mbili juu ya reli moja, moja imetulia na nyingine inatembea. Kwa umeme wa kawaida inawezekana, ila itabidi ukate reli vipande na kila kipande kiwe na swichi yake. Kama injini zako ni za zamani, kwanza hakikisha zina nafasi ya kuwekea kipokezi, kile kifaa kidogo kinachopokea amri hizo.

Shikamoo Babu Fundi. Nina miaka 13. Sina injini wala reli. Nina kadibodi, rula na kisu. Naweza kuanza?

Marahaba, mjukuu wangu. Unaweza, na una vitu vyote vya kujengea ule mnara wa maji nilioutaja hapo juu. Mnara huo bado upo. Mwaka 2001 ulikatwa vipande ukahamishwa karibu na mfereji, kwa hiyo picha zake za kila upande zinapatikana.

Tumia milimita 4 kwa futi. Matofali ya Uingereza pamoja na udongo wa kuyaunganishia, mistari minne hutimiza futi moja, kwa hiyo kila mstari wa matofali kwako ni milimita 1 kamili. Hii ni zawadi. Hesabu kwenye picha kuna mistari mingapi ya matofali kutoka chini hadi dirishani, na idadi hiyo ndiyo kimo chako kwa milimita. Huhitaji kumuuliza mtu.

Chukua kalamu ya wino iliyokwisha wino. Kwa rula, chora mistari ya kulala kwenye kadibodi, milimita moja moja, ukikandamiza bila kuchana. Mistari ya kusimama ije baadaye, tofali refu milimita 3, kichwa cha tofali milimita 1.5. Mkono utachoka, pumzika, maana mstari uliopinda unaonekana kuliko dirisha lililopinda. Paka rangi ya tofali ikauke kabisa, kisha pitisha rangi ya kijivu nyepesi yenye maji mengi na uifute haraka kwa kidole. Itabaki kwenye mistari tu.

Kona ndiyo mtihani. Kata kingo za ndani mshazari ili kuta mbili zikutane bila kuonyesha unene wa kadibodi, na hakikisha mstari wa tofali unaofika konani unaendelea palepale upande wa pili. Mwombe mkubwa akusimamie unapotumia kisu. Ukimaliza kuta mbili za kwanza nitumie picha ya kona. Yaliyobaki tutayaona baadaye.