Pesa za safari: mhariri kwanza, mfadhili baadaye

Ndugu yangu wa Lamu, umeuliza utampata wapi mfadhili wa kukupeleka Matondoni na Pate, kisha Sur kule Oman, ufuatilie mafundi wa majahazi. Taasisi hazilipii safari. Zinalipia kazi itakayochapishwa, na nauli ni sehemu tu ya gharama zake. Kwa hivyo anza na mhariri.

Mwandikie aya 3: habari ni ipi, kwa nini sasa, utazungumza na nani. "Utamaduni wa majahazi" ni mada. "Fundi wa Matondoni anapata wapi mbao siku hizi, na nani anajifunza kushika tezo" ndiyo habari. Akiipenda, mwombe barua fupi ya kusema kwamba yuko tayari kuichapisha. Ukiwa na barua hiyo, Pulitzer Center ya Washington, shirika linalofadhili kazi za waandishi wa habari, watakusikiliza, kwa maana hutaka kujua kazi itatokea wapi. Habari ikigusa mikoko au uvuvi, tazama pia ruzuku za Earth Journalism Network, mtandao wa waandishi wa habari za mazingira.

Sasa bajeti, na hapa ndipo maombi mengi mazuri huzama. Usiandike "usafiri" na jumla moja. Tenganisha basi au ndege, boti ya Mtangawanda (gati la Pate), mafuta, ujira wa nahodha kwa siku, malazi, viza, bima, makato ya benki, na akiba ya asilimia 10. Ongeza siku 2 za kungoja bahari, na ueleze kwa sentensi moja: boti za Pate hufuata maji kujaa na kupwa, na kusi likivuma kwa nguvu huenda zisitoke kabisa. Anayesoma bajeti yako akiwa Ulaya hajui bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wala maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Usipomweleza atazifuta siku hizo, na utazilipa mwenyewe.

Nahodha hatakuwa na risiti. Nunua kitabu cha risiti mjini kabla ya kupanda boti. Andika tarehe, kutoka wapi hadi wapi, na kiasi, naye aandike jina na kutia sahihi. Mlipe kwa M-Pesa na uuhifadhi ule ujumbe.

Kuhusu malipo, ruzuku mara nyingi huja kwa mafungu: sehemu mwanzoni, iliyobaki ukishakabidhi kazi. Magazeti mengine hulipa yakichapisha tu, na makala inaweza kulala miezi huku mwenye boti anakudai. Uliza mapema, kwa maandishi: mnalipa mkiipokea au mkiichapisha? Mkiifuta, napata kiasi gani? Picha zinabaki zangu? Ukisaini kuwapa haki zote, huwezi kuziuza picha hizo kwingine. Mlipaji wa Marekani huenda akataka W-8BEN, fomu ya kodi ya kule. Ijaze, inaonyesha kwamba kwa upande wa kodi wewe si raia wala mkazi wa Marekani.

Kuzipigia picha hoteli za Shela au Malindi ni kazi halali na hulipa haraka, lakini hiyo ni matangazo. Usilale bure hotelini kisha umpelekee mhariri makala kuihusu. New York Times, kwa mfano, haichukui makala za safari kutoka kwa waandishi waliopokea safari za bure.

Vibali navyo viingie kwenye bajeti: leseni ya kupiga filamu, idhini ya Makumbusho ya Taifa ukitaka kupiga ndani ya Ngome ya Lamu au ya Siyu, na ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa droni.

Zile aya 3 ukishaziandika, ziweke hapa tuzisome.