Barua kwa mwanangu: kuhusu mafua ya mjukuu wangu na suala la kimeo

Mwanangu mpenzi,

Nimesoma swali lako kuhusu mjukuu wangu wa miaka 3, ambaye mafua na kikohozi humrudia kila baada ya wiki chache. Umeuliza umpe dawa gani za nyumbani, na kama uridhie shauri la mama mkwe wako la kumpeleka akakatwe kimeo.

Nianze na kimeo, kwa kuwa hilo ndilo lililoninyima usingizi. Usikubali. Kimeo ni sehemu ya kawaida ya koo, na mtoto akikohoa sana nacho huvimba, ndiyo maana watu hukidhania kuwa chanzo cha ugonjwa. Watoto wamefikishwa hospitalini wakivuja damu baada ya kukatwa kwa wembe, na wapo waliopoteza maisha. Ilhali kikohozi chenyewe hurudi, kwani mafua huletwa na virusi vya aina nyingi mno, hata mtoto mzima wa afya aweza kuugua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo hiyo usimnunulie antibaiotiki dukani, maana haziui virusi.

Dawa za nyumbani hutuliza wakati mwili wenyewe ukijiponya, nami nazithamini kwa kazi hiyo. Mpe nusu kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala, ila mdogo wake anayenyonya asionjeshwe kabisa, kwa kuwa kabla ya kutimiza mwaka 1 asali yaweza kumletea sumu inayolegeza misuli. Pua ikiziba, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, umdondoshee matone machache kila tundu. Chai nyepesi ya tangawizi, supu na maji ya kutosha vinafaa. Kumfukiza kwa nyungu sikubali, maana watoto huungua vibaya kwa maji ya moto, wala usimpake mafuta ya mkaratusi puani.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni lile jiko la mkaa mnalopikia ndani milango ikiwa imefungwa. Moshi huchubua njia ya hewa na kuuandalia ugonjwa nafasi, na hakuna asali itakayoshindana nao kila siku. Lihamishie uani leo, kisha uangalie kadi ya kliniki kama chanjo zake zimekamilika.

Akiugua, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 40 au zaidi (kwa mdogo wake, mwenye miezi 5, ni 50), au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali usiku huo huo. Kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe pia kifua kikuu.

Mama mkwe wako anampenda mtoto, kwa hiyo mjibu kwa heshima. Akiendelea kusisitiza, mwambie nitampigia simu mimi mwenyewe tuzungumze.

Mama yako