Karafuu: usisubiri ichanue
Wapo wanaosema karafuu ikiachwa ichanue inazidi nguvu ya dawa. Hapana, inapungua. Tunachotumia ni tumba, yaani ua ambalo bado halijafunguka. Likishafunguka, kile kichwa cha duara kinapukutika na mafuta yanashuka. Likigeuka tunda ndiyo basi tena.

Chuma tumba likiwa limejaa, limeanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, na bado limefumba. Matumba hayafikii hapo kwa pamoja hata kwenye mti mmoja, ndiyo maana kwetu Pemba mti uleule hurudiwa mara kadhaa kwa msimu. Huchumwa kwa mkono, kishada kizima bila kuvunja tawi, kisha huchambuliwa makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika matumba. Makonyo nayo yana mafuta, ila kama asilimia 5 hadi 7. Tumba kavu zuri hufika 15 hadi 20.

Wengi huharibu kwenye kuanika. Zikirundikwa mbichi zinachacha, zinatoka nyeupe na kusinyaa. Zitandaze jamvini siku hiyohiyo, juani, na zianuliwe kabla ya mvua na umande. Karafuu nzuri huvunjika kwa mlio, na ukiibonyeza kwa kucha inatoa mafuta. Ya kuanikwa kwenye lami usinunue kwa ajili ya dawa.