Maswali Yenu Kuhusu Majina na Nasaba

Baba na ami yangu ni ndugu wa tumbo moja, lakini vitambulisho vyao vina majina tofauti ya mwisho. Je, mmoja aliandikwa kimakosa? (Msomaji, Tanga)

Si lazima. Huku pwani jina la tatu aghalabu ni la babu, na kila kizazi kinapoingia jina moja la nyuma hudondoka. Juma bin Hamisi bin Mabruki akimzaa Saidi, mtoto ataandikwa Saidi Juma Hamisi, na Mabruki hatasomeka tena popote, isipokuwa kama karani wa shule au wa pasipoti aliamua kulishikilia jina hilo kwa ndugu mmoja na kumwacha mwingine. Kwa hiyo usisake jina moja la mwisho. Andika majina matatu au manne ya kila mzee kwa mfululizo, pamoja na kijiji, mlango (yaani tawi la ukoo) na jina la mama yake, kisha ulinganishe. Jina la mama ndilo husahaulika, na mara nyingi ndilo hutenganisha akina Hamisi wawili wa mtaa mmoja.

Sisi Wagiriama majina yanajirudia hadi nachanganyikiwa. (Msomaji, Kilifi)

Charo Kazungu humwita mwanawe wa kwanza Kazungu Charo, naye mjukuu huwa Charo Kazungu tena. Kando ya kila jina weka mke wake na tukio la wakati wake. Mzee aliyekuwa kijana wakati Mekatilili, yule mwanamke shujaa wa Wagiriama, alipowaongoza watu dhidi ya Waingereza mwaka 1913 hawezi kuwa mjukuu wake mwenyewe.

Familia yetu iliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko babu alijulikana kwa jina lake na la baba yake tu. Hapa Oman tunaandikwa kwa kabila. Tuanzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Anzeni na mali. Katika hati za nyumba, za mashamba ya mikarafuu na za wakfu, mtu aliyeitwa Salim bin Said mtaani huweza kuonekana kwa jina lake kamili pamoja na nisba, yaani jina la kabila lake. Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani ndizo za kuulizia. Hata hivyo, msiichukue nisba kuwa ushahidi wa damu, kwa maana wapo watumwa walioachiwa huru waliobeba nisba ya bwana wao, na wazao wao wanaitumia kwa haki yao.

Jina letu la ukoo ni la Kizungu, nasi ni wenyeji wa Kisauni. Tuna asili ya Uingereza? (Msomaji, Mombasa)

Jina peke yake halithibitishi hilo. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha Frere Town, huko huko Kisauni, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na waliobatizwa walipewa majina ya Kizungu. Kabla yao walikuwapo Waafrika waliolelewa na misheni ya Nasik, India, nao wakiwa na majina ya namna hiyo. Ulizieni vitabu vya ubatizo vya kanisa, na msiishie kwenye jina la ukoo: ikiwa kabila la aliyebatizwa limetajwa, kama vile Myao au Mmakua, neno hilo moja litawaelekeza kusini, Msumbiji au pande za Ziwa Nyasa, ambako jina lenu la sasa halijulikani kabisa.