Mfongo wetu unakauka

SWALI: Shikamoo mama. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita kihambani (shamba la nyumbani) kwetu Kibosho, Kilimanjaro, sasa hutiririka masika tu. Baba anasema ni ukame. Mimi nashuku mikaratusi aliyopanda jirani kandokando ya mto, pale mfongo unapoanzia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba hajakosea, ila mkaratusi hunywa maji mno. Kuupanda pale ni kumkabidhi fisi bucha. Nami nilipanda 12 kando ya kijito, nikitafuta nguzo. Nguzo nilipata, kijito kikapotea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini usikimbilie kwa mtendaji wa kijiji. Mwendeeni jirani, na mbege (pombe ya ndizi) mkononi, mkubaliane avune mikaratusi na kupanda miti ya asili, mikuyu na miringaringa.