Maswali Yenu: Mwanachuo Anapojiandaa kwa Mazoezi ya Kufundisha

Kila inapokaribia likizo ndefu ya vyuo vikuu, ukurasa huu hupokea barua nyingi za wanachuo wa ualimu wanaosubiri kwenda shuleni kwa mafunzo kwa vitendo. Safari hii tunajibu zile zinazogusa mambo yanayoulizwa na wengi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa shahada ya ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Historia, na nimepangiwa shule ya sekondari ya kata mkoani Singida kuanzia Julai. Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni amenipa maandalio yake yote ya somo ya mwaka jana, akanishauri niyanakili kabla sijasafiri ili nikifika nibaki na kazi ya kufundisha tu. Wenzangu wengi wanafanya hivyo. Je, hayo ni maandalizi? Na mhadhiri anayekuja kutukagua hutazama nini hasa?

Jibu: Marahaba. Maandalio ya kaka yako yasome, kwa kuwa yatakuonyesha mwenzako alivyopanga kazi yake, lakini usiyanakili. Andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, huandikwa kwa ajili ya darasa ambalo mwalimu ameshalijua. Ukitazama sehemu ya juu ya andalio lolote utakuta jedwali linalotaka idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria, wasichana na wavulana, na sijui mtu aliyeko bwenini chuoni anaijaza vipi nafasi ya waliohudhuria kipindi ambacho bado hakijafika.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mtaala ulioboreshwa, uliokuja pamoja na toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, ulianza kutumika Januari 2024 na unaingia madarasani kwa awamu. Kwa hiyo katika shule moja unaweza kukuta kidato kimoja kinafundishwa kwa muhtasari mpya (mwongozo wa mambo ya kufundisha katika somo), wenye umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za kujifunza, huku kidato kingine kikiendelea na muhtasari wa zamani wenye mada kuu na mada ndogo. Andalio lililokuwa sahihi mwaka jana linaweza kuwa la muhtasari ambao darasa lako halina habari nao.

Muda uliobaki kabla ya safari utumie kusoma mada zenyewe. Shule nyingi mwezi Julai huwa zinaanza muhula wa pili. Kidato cha Pili na cha Nne wanakuwa wanajiandaa kwa mitihani ya taifa ya Novemba, na wakuu wa shule wengi hawapendi kuwakabidhi kwa mgeni atakayeondoka baada ya wiki chache. Uwezekano mkubwa ni kwamba utapewa Kidato cha Kwanza au cha Tatu. Tafuta mihtasari na vitabu vya kiada vya vidato hivyo, ambavyo utavipata katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ufanye mwenyewe mazoezi yaliyomo, kwa kalamu na karatasi. Mwanachuo anaweza kuwa amefaulu vizuri mofolojia chuoni, kisha akasimama mbele ya Kidato cha Tatu, mtoto akamuuliza kwa nini "pika" huzaa "pikia" lakini "soma" huzaa "somea", na jibu likakosekana.

Ukifika shuleni, ripoti kwa mkuu wa shule na barua yako, naye atakupeleka kwa mwalimu wa taaluma, ambaye atakukutanisha na mwalimu wa somo. Huyu wa mwisho ndiye wa kumng'ang'ania. Mwombe azimio la kazi (mpango wa mada za muhula mzima), shajara ya somo na ratiba, kisha umwombe ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa katika vipindi vyake kabla hujashika chaki. Shajara itakuonyesha mada zilizofunguliwa na kufungwa na tarehe zake, lakini usiishie hapo: azima madaftari ya wanafunzi wachache, wa mbele na wa nyuma, uyafungue. Si ajabu shajara ikasema mada ya mnyambuliko, yaani kurefusha kitenzi kwa viambishi kama "pika" na "pikia", imekamilika, na katika daftari ukakuta kichwa cha habari, maana iliyonakiliwa ubaoni, mifano michache na ukurasa mtupu. Utakapokuwa umeliona hilo ndipo utakapokuwa na cha kuandika katika andalio.

Tuchukue mada hiyohiyo ya mnyambuliko wa vitenzi. Mwanachuo mwenye haraka huandika lengo hivi: "Wanafunzi waelewe mnyambuliko wa vitenzi." Lengo hilo halipimiki, na wala halimwambii mwalimu afanye nini saa nne na nusu asubuhi akiwa na watoto 80 mbele yake. Andika: "Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kunyambua vitenzi vitano katika kauli ya kutendea na kauli ya kutendwa, na kuvitungia sentensi." Lengo la namna hii linakupangia kipindi lenyewe. Kipindi ni dakika 40, na dakika tano zimeshaliwa na kuingia, kusalimiana na kufuta ubao. Ukieleza kwa dakika 15, unabaki na 20 za wanafunzi kufanya kazi yao na wewe kupita kati ya madawati ukisoma wanachoandika. Maandalio mengi ya wageni hugawanya muda kinyume cha hapo: mwalimu anaeleza kwa nusu saa, halafu "wanafunzi wafanye kazi za vikundi" kwa dakika tano. Vikundi vya watoto 80 haviwezi hata kugeuza madawati kwa dakika tano.

Zana zisikutoe jasho bure. Vipande vya boksi kuukuu vilivyoandikwa mizizi na viambishi kwa kalamu nene, kimoja kwa kila dawati, vinamfikia mwanafunzi wa nyuma kuliko karatasi moja ya manila iliyobandikwa mbele na kuandikwa herufi ndogondogo.

Kuhusu Historia, kumbuka kwamba katika shule nyingi za sekondari unalifundisha somo hilo kwa Kiingereza, na Kidato cha Kwanza wengi wametoka shule za msingi ambako masomo karibu yote yalifundishwa kwa Kiswahili. Chagua istilahi chache za kila kipindi, ziandike pembeni mwa ubao, zieleze kwa Kiingereza chepesi na kwa mifano ya mahali hapo, halafu uwasikilize wakizitumia katika sentensi zao. Mimi binafsi simlaumu mwalimu anayefafanua neno moja kwa Kiswahili pale darasa linapokwama, lakini wapo wahadhiri wanaokata alama kwa hilo, basi uliza mapema msimamo wa chuo chako.

Sasa huyo mhadhiri. Atakaa nyuma na fomu yake, ataomba faili lenye azimio, andalio na nukuu za somo, na kwa kawaida hataji siku atakayokuja, kwa hiyo faili hilo liwe nawe kila siku unapoingia darasani. Atatazama kama andalio na kinachotendeka ni kitu kimoja, kama unaijua mada, kama ubao wako unasomeka, na kama wanafunzi wanashughulika au wanakutazama tu. Andalio la kunakili hulitambua haraka: limetaja zana ambayo darasani haipo. Akimaliza atakuita pembeni mzungumze. Beba kalamu uandike anayosema, usianze kujitetea.

Swali: Habari za kazi Mhariri. Fedha zetu za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo hazijaingia, nami natakiwa kuripoti wilaya nisiyokuwa na ndugu. Nifanyeje kuhusu malazi?

Jibu: Nzuri, ndugu. Fedha hizo wakati mwingine hufika mwanachuo akiwa tayari kazini, kwa hiyo usipange safari ukizitegemea. Tafuta namba ya mkuu wa shule kupitia ofisi ya chuo inayoratibu mazoezi, umpigie kabla ya kuondoka, ujitambulishe, kisha umuulize kama shule ina nyumba ya walimu yenye chumba au kama wanachuo waliopita walipanga wapi. Mara nyingi shule huwa imepangiwa wanachuo zaidi ya mmoja, na kupanga chumba pamoja hupunguza gharama. Ukifika, peleka barua yako ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Ni jambo la dakika chache na litakufaa siku ukipatwa na tatizo usiku.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeambiwa kwamba nisipokuwa na fimbo wanafunzi hawataniheshimu, hasa kwa kuwa mimi ni binti mdogo wa umbo na wengine wa Kidato cha Nne wamenizidi kimo. Je, sheria inasemaje kwa mwalimu wa mazoezi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usiishike fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, huwa ni kwa kosa kubwa la utovu wa nidhamu, na kila mara adhabu hiyo huandikwa katika kitabu maalumu. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shuleni hayupo. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi hana sababu ya kujiingiza humo. Mwaka 2016 walimu wa mazoezi walionekana kwenye video wakimpiga mwanafunzi katika shule moja jijini Mbeya, na waliohusika wakafukuzwa vyuoni.

Heshima ya mwalimu mgeni hujengwa na mambo madogo anayoyarudia kila siku. Ingia darasani kengele inapolia, na si baada ya dakika kumi. Jifunze majina, chora ramani ya madawati kwenye daftari lako na uandike jina la kila anayekaa, maana kijana mrefu wa nyuma anayepiga kelele hunyamaza haraka akiitwa kwa jina lake kuliko akiitwa "wewe hapo". Sahihisha madaftari na uyarudishe kipindi kinachofuata. Hao wakubwa waliokuzidi kimo wazungumze nao kando ya wenzao, lakini mahali pa wazi panapoonekana na watu, na usiwape namba yako ya simu.

Mwalimu wa zamu akikutuma umchape mwanafunzi, mwambie kwa adabu kwamba chuo hakikuruhusu, kisha mpeleke mwanafunzi huyo kwa mwalimu wa nidhamu na uandike tukio hilo kwenye daftari lako, pamoja na tarehe na saa.