Maji ya uyoga yaishie kikaangoni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umewaokea wageni wali wa uyoga, chini ukatoka bokoboko, juu ukabaki na kiini, na sasa unauliza kama oveni ni mbovu. Oveni iache, mwanangu. Kilichokusumbua ni maji.

Umesema uyoga uliukatakata ukauchanganya na mchele ukiwa mbichi. Uyoga ni maji matupu, kama asilimia 90 hivi. Ukiingia mbichi unayaachia humo humo bakulini, na kipimo chako cha supu kinaharibika hujui. Basi nusu kilo ya uyoga uikaange kwanza. Kikaango kiwe kipana, moto mkali, mafuta kidogo, na vipande visibanane. Vikizidi, kaanga kwa mafungu. Chumvi isubiri. Mwanzoni utausikia unatokota kama mchuzi, maji yametapakaa kikaango kizima. Usiukoroge ovyo, ungoje. Maji yakikauka sauti inabadilika, inakuwa ile ya kitu kinachokaangika hasa, na kingo zinaanza kuwa za kahawia. Hapo harufu yake inapanda mpaka mtu wa chumba cha pili anauliza unapika nini. Ndipo utie siagi, kitunguu, thomu, chumvi na pilipili manga. Hii hatua usiikimbize hata kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuujaza wote kwa pamoja kwa sababu ya haraka, ukatoka wa kijivu, unatafunika kama mpira, na hakuna kiungo kilichouokoa.

Sasa kile kiini cha juu. Katika oveni, punje za juu zinaivishwa na mvuke. Wewe ulimimina supu ya baridi, na foili ukaiweka juu juu tu. Mvuke ulichelewa kuja, na ulipokuja ukatoroka.

Osha vikombe 2 vya mchele wa punje ndefu mpaka maji yatoke maangavu, uchuje vizuri. Uchanganye na uyoga, utandaze kwenye bakuli la kuokea, kisha mimina vikombe 3 na nusu vya supu inayochemka. Ukipenda krimu, nusu kikombe cha supu kiwe krimu, usiongeze juu ya kipimo. Foili ibane ukingo wote, pasibaki tundu. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 190, dakika 30, na usifunue kuchungulia. Kisha ondoa foili, nyunyiza jibini na chenga za mkate, urudishe dakika 10 juu papate rangi. Ukiutoa uache utulie dakika 10 kabla ya kupakua. Mchele wa kahawia ni habari nyingine: supu zaidi kidogo, na karibu saa nzima ukiwa umefunikwa.

Kingine kimenitia wasiwasi: umesema kiporo kililala mezani mpaka asubuhi. Usirudie, tafadhali. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Ukikaa na uvuguvugu vinazaana na kutoa sumu, na hiyo sumu kupasha moto hakuiondoi. Utandaze upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Kesho yake unyunyizie maji vijiko viwili, funika, upashe mpaka utoe mvuke.

Niandikie ukishaoka tena, uniambie ule wa juu umeivaje.

Mama yako